Dawa Nne, Moyo Mmoja

Haya nimeyaandika mwenyewe kwa kalamu, kwenye daftari la shule, na binti yangu Oliva ndiye aliyeyachapa. Alitaka kupunguza majivuno. Nikamwambia ayaache yalivyo, kwa sababu mtu aliyewahi kushindwa kufunga kilemba chake mwenyewe, kisha akarudi shambani na jembe lake, ana haki ya kujivuna kidogo. Nimeandika kwa ajili ya mwenye pumu, hasa mwenye pumu aliye na ndugu wengi wanaompenda. Huyo yuko hatarini kuliko anavyodhani.

Naitwa Leokadia, ingawa wengi wananijua kama Mama Oliva. Kijiji chetu hakiko mbali na Msanzi, huku juu Ufipa, ambako upepo wa mwezi wa sita na wa saba humfuata mtu hadi ndani ya blanketi. Pumu ninayo tangu utotoni. Haikunizuia kuimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, wala haikunizuia kulima ntumba. Kwa asiyejua, ntumba ni yale matuta ya mviringo ambayo Wafipa tunayainua mvua zinapoelekea kwisha: unakata majani, unayafunika kwa udongo, yanaoza humo ndani, na msimu unaofuata unapanda. Ni kazi ya mgongo na pumzi. Zangu zinasimama mstari mmoja hadi mtu akipita barabarani anauliza shamba ni la nani. Za mume wangu Desideri zimelala upande, na yeye analijua hilo, kwa hiyo simsengenyi.

Kuna desturi moja lazima niieleze, maana ndiyo iliyokaribia kuniua. Katika ukoo wetu hatumwendei mgonjwa mikono mitupu. Zamani mtu alibeba unga wa ulezi, au kuku, au sabuni. Siku hizi maduka ya dawa yamefika kila mahali, na mgeni mwenye upendo hupitia huko kwanza. Akishafika, mgonjwa hunywa ile dawa mbele yake, ili aone kwamba mkono wake umesaidia. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote. Lakini ukiiweka dawa ya mtu dirishani bila kuigusa, ni kama umemrudishia chakula chake. Na mtu huyo akiwa mama mkwe, usithubutu.

Mwaka juzi, mwezi wa saba, tulikuwa tunapura ulezi. Vumbi la ulezi ni jepesi, linaingia puani, linaingia masikioni, na mimi kwa ubishi wangu nilikataa kukaa pembeni. Siku ya tatu kifua kikafunga. Kituo cha afya wakanipa pampu ya kuvuta mdomoni, wakanieleza nivute mara ngapi na lini, nikarudi nyumbani. Pampu ilinisaidia, ila si kwa kiasi nilichotaka mimi. Nikakumbuka vidonge vya njano nilivyopewa mwaka mwingine kwa pumu hiyohiyo, vikabaki. Nikavitoa juu ya kabati nikaanza kuvimeza. Hiyo ilikuwa dawa ya pili, na hiyo sikuletewa na mgeni yeyote, ni kosa langu mwenyewe.

Baada ya wiki moja akaja wifi yangu Tekla, dada yake Desideri, kutoka Namanyere. Tekla ni mtu wa vitendo. Kabla hajakaa alifungua mkoba akatoa vidonge vyeupe. Alisema jirani yake mwenye pumu anavitumia na anacheza ngoma. Nikavimeza mbele yake, naye akatabasamu, nami nikafurahi kumwona ametabasamu.

Ndipo mambo ya ajabu yakaanza mwilini. Mikono ilitetemeka. Nilikuwa nikimimina chai inamwagika kwenye sahani, uzi hauingii kwenye sindano, na siku moja nilishindwa kabisa kufunga kilemba, Desideri akanifungia huku akinitania kwamba amepata mke mzee ghafla. Misuli ya miguu ilikakamaa. Moyo ulikuwa unapiga mbio nikiwa nimekaa kitako, sifanyi lolote, na mara nyingine unaruka pigo moja kisha unarudi kwa kishindo. Usingizi ulinikimbia. Mimi nikafikiri pumu ndiyo inakua. Basi kila moyo ulipokimbia, nilivuta pampu zaidi. Nawaambia ukweli huo ingawa unaniaibisha.

Mwezi wa nane akaja mama mkwe wangu mwenyewe, Bibi Generoza. Huyu ni mwanamke aliyelima hadi watoto wake wakamnyang'anya jembe, kisha akahamia Wampembe kwa mwanawe mdogo anayevua ziwani. Kutoka Wampembe hadi kwetu ni safari ya siku mbili ukiwa na bahati, na kule ufukweni kuna joto, kwa hiyo alishuka kwenye gari amejifunga vitenge vitatu na sweta la mwanawe. Wageni walijaa uani kumsalimu. Nikapiga magoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mkamwana wangu. Nimesikia vidonge vinakukwama kooni. Nimekuletea ya maji."

Akatoa chupa ya dawa ya maji kutoka ndani ya vitenge vyake, imefungwa kwenye kitambaa cha kanisani, akaniomba kijiko. Siku hiyo nilikuwa nimeshameza vidonge vya njano asubuhi, vyeupe baadaye, na pampu nimevuta sikumbuki mara ngapi. Kila mtu uani alikuwa ananitazama. Nikanywa vijiko viwili. Kesho yake nikanywa tena mbele yake, na keshokutwa tena. Siku ya tatu, saa za mchana, nilikuwa bado nimeshika kijiko mkononi pale moyo wangu ulipoondoka. Sina namna nyingine ya kueleza. Niliusikia shingoni, masikioni, kisha nikaona uso wa Bibi Generoza unakwenda mbali, nikaanguka kutoka kwenye kigoda.

Nilibebwa kwa pikipiki, nimebanwa katikati ya dereva na Desideri, hadi Msanzi, na kutoka pale gari likatupeleka Sumbawanga. Bibi Generoza alikataa kubaki. Alisema hawezi kumwacha mgonjwa aliyeanguka miguuni pake. Njia nzima alikuwa anasali rozari.

Hospitalini walinipokea haraka, wakanilaza kwanza, wakaniwekea hewa. Baadaye wakanikalisha kwenye benchi la ukutani nje ya chumba cha kipimo cha moyo, kusubiri aliyekuwa ndani atoke. Niliwahi kusikia watu wakisema benchi la hospitali ni refu, na sasa nikajua maana yake. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa mjini, amevaa baibui, mumewe ana duka la vitambaa karibu na soko. Aliniambia nimwite Mama Rukia. Aliona mikono yangu. Alivua mtandio wake wa juu akaufunika juu ya mikono yangu, ili watu waliokuwa wanapita wasione inavyoruka. Katika wema wote niliotendewa mwaka ule, na ni mwingi, ule wa Mama Rukia naukumbuka kwanza.

"Pumu?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Pumu, na moyo."

"Na mimi nilianza hivyohivyo. Mwenzangu, ukiingia uwaambie dawa zote. Hata ile uliyopewa na shemeji. Mimi nilizileta na mfuko wake."

Nikamwitikia. Kisha nikaingia ndani nikafanya kinyume.

Daktari alikuwa binti, mdogo labda hata kwa Oliva, mwenye macho ya kusikiliza. Waya zilibandikwa kifuani kwangu, karatasi ikatoka kwenye mashine na mistari yake. Aliitazama kwa muda.

"Mama, nyumbani unatumia dawa gani?"

Bibi Generoza alikuwa amesimama mlangoni na rozari yake. Ningesemaje? Ningeitaja ya wifi ningeonekana namshtaki, na ningeitaja ya mama mkwe akiwa palepale, heri ningekaa kimya.

"Pampu tu," nikasema.

Daktari akaangalia karatasi tena, akaangalia mikono yangu. "Sawa. Tutaongea tena kesho."

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nimezaa watoto wanne, kwa hiyo methali hiyo naijua vizuri. Hata hivyo nililala wodini siku nzima na nusu nimeficha uchi wangu. Waliniwekea dripu. Walisema damu imepungukiwa na chumvi ambayo misuli inaihitaji, moyo ukiwemo. Mtu wa kitanda cha pili alikuwa akila ugali wake kwa raha, nami nilikuwa nautazama mkono wangu ukishindwa kushika kikombe. Niliogopa kufa. Nilikuwa na ntumba ambazo hazijapandwa, na nilifikiri nitaziacha kwa Desideri.

Aliyeniokoa ni muuguzi, mama mtu mzima, ambaye hakuniuliza mimi. Alimwuliza Desideri. Alimwambia aende nyumbani arudi na kila dawa iliyomo ndani ya nyumba, ya mtu au ya ng'ombe. Desideri akapanda gari la kwanza, na kesho yake mchana akarudi na kikapu. Mama yake tulikuwa tumemtuma akapumzike kwa jamaa mjini.

Daktari alizipanga dawa zile juu ya shuka, karibu na magoti yangu. Pampu, vidonge vyeupe, chupa ya dawa ya maji. Hizo tatu akazisogeza pamoja. Vidonge vya njano akaviweka peke yake.

"Hizi tatu ni dawa moja, mama. Majina ya kwenye maboksi ni tofauti, lakini ndani ni salbutamol. Umekunywa dawa moja kwa njia tatu. Na hii ya njano ni nyingine, nayo inausukuma moyo. Kila moja ina kazi yake kwa mgonjwa wake. Zote pamoja, bila mtu wa kuzipima, moyo wako umechoka."

"Moyo wangu umeharibika?"

"Bado. Ila ulikuwa unaelekea. Kwa nini hukuniambia?"

Nikalia. Nililia kwa sababu nilikuwa nimemdanganya mtoto wa watu aliyekuwa anajaribu kuniokoa, na kwa sababu alikuwa ameniuliza kwa upole. Kama angenigombeza, ningemjibu.

Nilikaa hospitali siku nane. Mapigo yalitulia siku ya nne. Mikono ilitulia siku ya sita, na siku hiyo nilifunga kilemba mwenyewe nikamwita Desideri aje akione. Alisema kimekaa vizuri, na kweli kilikuwa kimekaa vizuri.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na ugonjwa mwingine. Desideri alimpigia Tekla simu akamwambia maneno ambayo kaka hapaswi kumwambia dada yake. Alimwambia amemlisha mke wake sumu. Mimi nilikuwa nimelala pale, nikamsikia, na sikumzuia. Kwa mama yake hakusema kitu. Bibi Generoza alipouliza tatizo lilikuwa nini, tulitazamana, kisha mume wangu akasema, "Ni pumu tu, mama. Dawa yako ilimsaidia kidogo." Nami nikaitikia kwa kichwa. Bibi akashukuru Mungu, akarudi Wampembe akiwa na furaha. Tekla alijua ukweli wote, maana daktari alimweleza alipokuja kuniona. Angeweza kusema kwamba hata ya mama yake ilikuwemo. Hakusema. Alibeba lawama peke yake, akaacha kuja kwetu. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu, na sisi mwenyeji alipopona tulimfukuza mgeni.

Mwezi wa tisa na wa kumi nilikuwa mtu wa kukaa juani. Nilikonda, mikono ikawa miembamba, sketi ya kanisani ikahitaji pini. Niliogopa vitu viwili kwa wakati mmoja: nikivuta dawa niliogopa moyo, nisipovuta niliogopa kifua. Ukifika hapo, ndugu yangu unayesoma, usiamue peke yako. Mimi sikukuambia utupe dawa zako, na atakayesema Mama Oliva kasema watu waache dawa, huyo amenisingizia. Rudi kwa aliyekupima, na ubebe kikapu.

Nilirudi kliniki kila mwezi. Nilipewa pampu nyingine ya kuvuta kila siku, hata nikiwa mzima, ya kukinga, na ile ya kwanza ikabaki kwa siku ya kubanwa. Ndipo ikagundulika kwamba miaka yote nilikuwa navuta vibaya. Nilikuwa napuliza dawa inaishia kwenye ulimi, navuta hewa wakati dawa imeshapita. Muuguzi alichukua chupa tupu ya maji ya kunywa, akatoboa tundu chini linaloenea mdomo wa pampu, akanionyesha kupulizia humo ndani na kuvuta polepole upande wa pili. Na baada ya hapo kusukutua. Wiki ya kwanza sikusukutua, kwa sababu niliona ni mambo ya kitoto, ulimi ukawa mweupe na sauti ikakwaruza. Mwimbaji wa sauti ya kwanza akikwaruza, kwaya nzima inajua. Nikaanza kusukutua.

Krismasi Oliva alikuja kutoka chuoni Mbeya, anakosomea kazi za maabara. Siku moja mchana tumekaa jikoni na baba yake tunamenya viazi, akafuta mikono akanionyesha simu.

"Mama, angalia hizi. Tulionyeshwa darasani. Ni chembe za moyo wa mtu."

"Za mtu gani? Kafa?"

"Hajafa. Zimeoteshwa maabara, kwenye kisahani."

Desideri akaacha kisu akaja kusimama nyuma yetu. Kwenye kioo kulikuwa na kitu kama utando mwembamba juu ya maji, na utando ule ulikuwa unapiga. Hakuna kifua, hakuna mtu, lakini unapiga, polepole, pamoja. Desideri akajifanyia ishara ya msalaba.

"Sasa hapa wameongeza dawa ya pumu," Oliva akasema, akasogeza kidole. Utando ukaanza kupiga haraka. "Na hapa wameongeza na ya pili." Haraka zaidi, kisha upande mmoja ukawa haufuatani na mwingine, kama wapuraji ambao fimbo zao zimepishana.

Niliweka kiazi chini. Kile ndicho nilichokisikia shingoni mwezi wa nane. Nilikuwa nimewaeleza watu mara nyingi na kila mtu alinitazama kama mwoga anayekuza mambo, na sasa kilikuwa kwenye simu ya mwanangu, mtu yeyote angekiona kwa macho.

"Ndivyo moyo wangu ulivyofanya," nikasema.

"Mama, usiseme hivyo kwa watu. Kisahani si mwili. Hakina mapafu, hakina damu, na dawa wanaweka kwa vipimo vyao. Walimu wanatuambia kinatuonyesha pa kuuliza tu."

"Nimekuelewa. Niwekee kwenye simu yangu hata hivyo."

Desideri hakurudi kumenya viazi. Alitoka nje, akazunguka nyumba mara moja, akarudi akachukua simu yake akampigia Tekla. Nilimsikia akisema, "Dada, nisamehe. Nilikubebesha wewe kwa sababu mama niliogopa kumbebesha." Mume wangu halimi ntumba zilizonyooka, lakini siku ile nilimwona mwanamume.

Mwezi wa tatu mvua zikaanza kupungua, nami nikachukua jembe. Siku ya kwanza niliinua ntumba saba. Zamani saba nilikuwa naziinua kabla ya chai. Nilikaa juu ya ya saba nikahesabu mapigo yangu kwa saa ya Desideri, kama nilivyofundishwa, na yalikuwa mapigo ya mtu aliyelima, si ya mtu anayekufa. Kesho yake nikainua tisa. Kufikia Pasaka nilikuwa nimemaliza shamba, zimenyooka mstari mmoja, na Jumapili ya Pasaka niliimba sauti ya kwanza hadi padri akageuka. Watu wenye pumu walianza kunijia kuuliza. Sikuwapa dawa. Niliwatobolea chupa, nikawaambia wabebe vikapu vyao waende kliniki, na wengine niliwasindikiza mwenyewe. Nimewafikisha wengi, na wote wako hai. Hayo ndiyo majivuno ambayo Oliva alitaka kuyafuta.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja sijakifanya, nacho kikanifuata hadi mlangoni.

Mwezi wa saba, ulezi ukiwa uani na safari hii mimi nikiwa nimekaa upande usio na upepo, Bibi Generoza akashuka kwenye gari. Vitenge vitatu, sweta lilelile. Tekla alikuwa amempokea Namanyere akaja naye, mara ya kwanza kukanyaga kwetu tangu yale maneno. Majirani waliokuwa wanapura wakaacha fimbo wakaja kusalimu. Nikapiga magoti, nikamwamkia, akaniitikia, kisha mkono wake ukaingia ndani ya vitenge ukatoka na chupa mbili.

"Mwaka jana moja ilikusaidia kidogo," akasema, na uso wake ulikuwa unang'aa. "Mwaka huu nimeleta mbili. Leteni kijiko."

Tekla alinitazama. Desideri alitazama ardhi. Kijiko kikaletwa.

Nilifikiri kukijaza na kuimwaga dawa baadaye. Nilifikiri kusema nimeshakunywa ya leo. Ningeweza pia kuinywa, vijiko viwili tu, maana moyo ulikuwa imara sasa. Uwongo ulikuwa rahisi mno, na ulikuwa wa heshima. Lakini nilimwangalia Tekla, ambaye mwaka mzima alikuwa amebeba mzigo usio wake, nikajua kwamba nikiinywa tena, naye ataendelea kuubeba.

"Mama," nikasema, bado nimepiga magoti. "Nakushukuru kwa safari ya siku mbili. Lakini dawa hii siinywi. Mwaka jana nilikudanganya. Sisi sote tulikudanganya. Niliichanganya na nyingine ambazo ni dawa ileile, na nyingine tena juu yake, moyo ukashindwa. Kosa si lako. Ni langu, kwa kunywa bila kusema, na kwa kumwachia Tekla lawama."

Nikatoa simu nikamwonyesha ule utando unaopiga, wa kwanza polepole, kisha haraka, kisha umepishana. Nikamwambia si moyo wangu, ni wa kisahani cha maabara, lakini mimi nilisikia hivyo. Aliutazama kwa muda mrefu, ameusogeza karibu na macho. Akaomba aone tena ule wa mwanzo, unaopiga vizuri.

Kisha akanirudishia simu na kusema niinuke, magoti yangu yataumia. Akaingia ndani. Tekla akataka kumfuata, nikamzuia, nikaenda mimi.

Nilimkuta ameketi kwenye kitanda cha Oliva, ameweka sweta pembeni. Alikuwa anafungua fundo la kitenge cha ndani kabisa, kile ambacho hata wanawe hawajawahi kukigusa. Akakitandaza mapajani. Vidonge vyekundu vya presha. Vidonge vyeupe vya presha. Pakiti kutoka kwa mwanawe wa Wampembe, pakiti kutoka kwa Tekla, kimoja kimefungwa kwenye karatasi ya daftari hakina jina. Kila kimoja alikuwa amekinywa mbele ya mtu aliyempenda.

"Na mimi unaruka," akasema, akiweka kiganja kifuani. "Tangu Kwaresima. Nisomee."

Mwanamke huyu hajawahi kuniomba kitu chochote tangu siku nilipoolewa. Nilivikusanya vyote nikavirudisha kwenye kitenge, nikakifunga fundo.

"Sisomi, mama. Mimi si daktari. Kesho tunakwenda wote mjini, na tunavibeba hivi vilivyo. Wala usiseme ni kimoja tu."

"Sitasema," akajibu.

Asubuhi nilipotoka kuwasha moto nilimkuta ameketi kizingitini, amevaa viatu tayari, kitenge kile amekishika kwa mikono miwili, mahali ambapo kila anayepita angekiona.